PCB, CBG au Chuo? Hesabu za Mzazi Baada ya Kidato cha Nne

Kati ya siku matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa na siku dirisha la kubadilisha machaguo kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI linapofungwa, familia inakuwa na muda mfupi sana wa kuamua jambo litakalokula pesa zake kwa miaka minane ijayo. Mara nyingi mtoto alijaza machaguo yake akiwa bado darasani, akifuata rafiki zake au jina la kombi linalosikika vizuri. Mzazi anakuja kuuliza baadaye, barua ya kujiunga ikiwa imeshatoka. Nawaomba wazazi waulize mapema, tena waulize kwa hesabu, kwa sababu kombi za sayansi hazilingani bei wala milango zinayofungua.

Tuanze na ada. Tangu mwaka wa fedha 2022/23, Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule zake. Kwa mwanafunzi wa bweni ada hiyo ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka. Ni nafuu ya kweli na imesaidia wengi, lakini haikuwa sehemu nzito ya mzigo. Soma fomu ya maelekezo ya kujiunga ya shule yoyote ya Serikali: godoro, shuka, ndoo, sare jozi mbili, sweta, viatu, rimu za karatasi, fagio, kwanja au jembe, na michango midogo midogo ya kitambulisho na ya taaluma. Mwanafunzi wa sayansi anaongezewa koti jeupe la maabara, kikokotoo cha kisayansi na vifaa vya kupasulia. Halafu vitabu. Wa Fizikia atamtaka Nelkon na Chand, wa Hisabati atamtaka Tranter au Backhouse, wa Baiolojia atatafuta kile kitabu kinene ambacho wanafunzi wote wanakiita BS. Vipya vyote kwa pamoja ni hela nyingi. Wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanavyo, na mwanafunzi anayemaliza kidato cha sita mwezi wa tano huwa anatafuta wa kumuuzia. Kabla ya kununua chochote, ingia pia kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo vitabu vyake vya kiada vinasomwa bure.

Gharama inayowaumiza wengi bila kutajwa ni nauli. Mtoto wa Songea akipangiwa shule ya Kilimanjaro, kila likizo ni safari ndefu. Tuseme safari moja, pamoja na kula njiani, inagharimu shilingi 50,000. Safari nne kwa mwaka ni 200,000, karibu mara tatu ya ada iliyofutwa. Kwa hiyo unapopanga shule kwenye Selform, umbali nao ni bei. Shule ya wastani iliyo mkoa wa jirani, yenye walimu wa masomo matatu anayoyataka mtoto, inaweza kuwa chaguo bora kuliko yenye jina kubwa iliyo ncha nyingine ya nchi.

Shule binafsi ni habari nyingine. Zipo zinazotoza kama milioni moja na nusu kwa mwaka, na zipo zinazopita milioni nne. Kwa shule ya milioni tatu, miaka miwili ni milioni sita, na mwisho wake mtoto ana cheti cha kidato cha sita ambacho peke yake hakimpi kazi. Siwakatazi wenye uwezo. Ila nimeona familia zikiuza kiwanja kulipia kidato cha tano binafsi, kisha zikakosa cha kumpelekea mtoto chuo kikuu. Kama pesa iliyopo inatosha hatua moja tu, isiishie kwenye hatua ambayo Serikali inaitoa bila ada.

Sasa kombi zenyewe. PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, ndiyo inayogombewa na ndiyo ngumu kuihudumia, kwa sababu masomo yote matatu yana karatasi ya tatu ya vitendo katika mtihani wa kidato cha sita. Mwanafunzi wake anahitaji maabara tatu zinazofanya kazi. Wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) anahitaji mbili, wa CBG mbili, wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) hahitaji hata moja. Kwenye shule yenye maabara moja inayotumiwa kwa zamu na masomo yote, anayebanwa zaidi ni wa PCB, na pengo hilo mzazi huliziba kwa tuisheni wakati wa likizo.

Kinachofanya watu waivumilie ni mlango wake. Ili kusomea udaktari wa binadamu, mwombaji wa kidato cha sita anatakiwa awe na Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja kuanzia D, jumla pointi sita kwa hesabu ya vyuo vikuu. D ya kidato cha sita ni alama 50 hadi 59. Hicho ni kiwango cha chini cha kuruhusiwa kuomba tu. Kwenye chuo kama Muhimbili ushindani huwapitisha wenye alama za juu zaidi ya hapo. Shahada za uuguzi na famasi nazo zinaiangalia Fizikia.

Hapo ndipo CBG inapowakata watu. Kemia, Baiolojia na Jiografia ni kombi nzuri, na mtoto anayeikimbia Fizikia huiona kama PCB iliyopunguzwa makali. Anaingia akijua atakuwa daktari. Miaka miwili baadaye ana B ya Kemia na B ya Baiolojia, na udaktari haumpokei kwa sababu hana Fizikia. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ni jambo ambalo mtu mzima mmoja angeweza kulisema mapema kwa dakika tano. CBG ichaguliwe kwa kile inachokitoa: kilimo, misitu, wanyamapori, mazingira, sayansi ya chakula, na ualimu wa Kemia na Baiolojia. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kina kozi nyingi za namna hiyo. Mtoto anayependa shamba na mifugo hajashuka daraja kwa kuisoma. Anayeota koti la daktari anapoteza miaka miwili.

PCM ndiyo pana kuliko zote upande wa uhandisi, kompyuta na hisabati, na inamdai mtoto Hisabati ya juu kila siku. PGM, yaani Fizikia, Jiografia na Hisabati, inatosha kwa mengi ya ardhi na ramani, na uhandisi mwingi unaanzia kwenye Fizikia na Hisabati. Anayetaka uhandisi wa kemikali asiiache Kemia. EGM haina gharama za maabara na inawafaa wenye jicho la takwimu, bima na uchumi. Wa PCB na CBG, ambao hawasomi Hisabati ya juu, hupangiwa BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, kama somo dogo. Wengi hulidharau. Lakini kozi kadhaa za shahada zinaulizia Hisabati, na kwa mtu wa Baiolojia BAM ndiyo inayomjibia.

Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi, yaani kombi, mpya 49, zikafika 65. Ni jambo la kufurahia, kwa kuwa si kila kipaji kinaingia kwenye zile 16 za zamani. Ushauri wangu kwa mzazi ni mmoja: kabla ya kuchagua kombi mpya, fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), tafuta shahada anayoitaka mtoto, usome masomo yaliyotajwa pale. Kama masomo ya kombi hiyo hayatoshi kumwingiza kwenye kozi anayoitaka, subiri.

Kuingia kidato cha tano kunataka ufaulu wa C kwenda juu katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini, pasipo F katika masomo ya kombi, na pointi za kombi zisizidi 10. Maana yake mwenye C, C na D anaweza kupangiwa PCB. Anaweza, lakini je, inamfaa? C ya kidato cha nne inaanzia 45 hadi 64. Mwenye 46 na mwenye 63 wana herufi moja kwenye karatasi ya matokeo, na kidato cha tano kitawatenganisha ndani ya muhula wa kwanza. Baraza la Mitihani halikupi alama, linakupa herufi. Kwa hiyo rudi kwenye ripoti za shule, hasa za kidato cha nne, uone mtoto alikuwa akipata ngapi kwa kawaida. Kama Fizikia yake ilikuwa ikicheza kwenye 40 na kitu mwaka mzima, C hiyo ni ya kutazamwa kwa uangalifu.

Kwa mtoto wa namna hiyo chuo cha kati si adhabu. Stashahada ya utabibu inachukua miaka mitatu, na inataka ufaulu wa kuanzia D katika masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Baiolojia na Fizikia zikiwemo. Aliyeiacha Fizikia alipoingia kidato cha tatu amejifungia mlango huu pia. Kwenye chuo binafsi cha milioni moja na nusu kwa mwaka, ada peke yake ni milioni nne na nusu. Ni pesa nyingi kuliko kidato cha tano cha Serikali, ila ni chache kuliko kile cha binafsi cha milioni sita, na mwisho wake kijana ana taaluma mkononi.

Tazama pia muda. Anayepita kidato cha sita kwenda udaktari anatumia miaka miwili, kisha mitano ya chuo, kisha mmoja wa mazoezi hospitalini: minane. Anayepita utabibu anatumia mitatu, mitano na mmoja: tisa. Tofauti ni mwaka mmoja, na huyu wa pili angeweza kusimama katikati, akafanya kazi na kujichangia. Masharti yapo: stashahada yenye wastani wa B au GPA ya 3.0, na kwenye cheti cha kidato cha nne awe na angalau D katika Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza. Mwenye F ya Hisabati anayepanga njia hii arisiti somo hilo mapema, asingoje hadi amalize chuo.

Upande wa ufundi hesabu ni nyepesi zaidi. Bajeti ya 2023/24 ilifuta ada kwa wanaojiunga na mafunzo ya ufundi katika DIT ya Dar es Salaam, MUST ya Mbeya na Chuo cha Ufundi Arusha. Stashahada ya uhandisi ni miaka mitatu, na shahada ni minne baada ya hapo. Jumla ni saba dhidi ya sita ya anayepitia PCM, na fundi sanifu wa umeme au ujenzi anaweza kuanza kuingiza kipato kabla ya shahada. Kama mtoto anapenda kushika vitu kuliko kukesha na milinganyo, mimi ningempeleka huko bila kusita.

Kuhusu mikopo, Bodi ya HESLB ilianza kukopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada mwaka 2023/24, katika fani za kipaumbele kama afya na ualimu. Wa shahada wana wigo mpana zaidi, na wanaofanya vizuri sana kidato cha sita katika sayansi wana ufadhili wa Samia, ambao haurudishwi. Mkopo unarudishwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara, kwa hiyo kijana aelezwe hilo kabla ya kuweka sahihi.

Ukipata nafasi ya kuitembelea shule kabla ya kupeleka mwanao, nenda moja kwa moja maabara. Uliza kidato cha tano waliingia lini mara ya mwisho, na wanafunzi wangapi hushika bureti moja. Kwenye titresheni, asidi inadondoka kwenye besi yenye matone machache ya kiashiria, na kazi yote ni kuifunga koki pale umanjano unapoanza kuelekea rangi ya chungwa. Tone moja likizidi, chupa inakuwa nyekundu na kipimo kimeharibika. Mkono haujifunzi hilo kwa kutazama mabega ya wenzake kumi. Shule ambayo hufungua maabara wiki chache kabla ya mtihani haiwapi watoto mazoezi hayo, nao hulipa kwenye karatasi ya tatu.

Kwa chuo, uthibitisho ni wa karatasi. Mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, unataja vyuo vilivyosajiliwa, sifa za kujiunga na ada ya kila kozi. Linganisha ada hiyo na unayoambiwa kwa simu. Kisha omba mchanganuo wa maandishi wa miaka yote mitatu: ada, usajili, hosteli, sare, mafunzo kwa vitendo hospitalini na ada za mitihani ya kila mwaka. Chuo kinachokutajia mwaka wa kwanza tu, mwambie mhasibu wake aandike na miaka miwili iliyobaki, agonge mhuri, ndipo uende benki.