TEMBEA NA MWANAO UONE

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema tembea uone. Juma hili nataka kuzungumzia namna ya kumwonyesha mtoto mdogo mji wa kale, maana mimi mwenyewe nililikosea jambo hili kabla sijalipatia.

Mwaka jana, shule zilipofungwa, mimi na mama watoto tuliondoka Kikuyu, hapa Dodoma, pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa miaka mitano. Tulipanda treni hadi Dar es Salaam, tukavuka kwa boti hadi Unguja. Shabaha yetu ilikuwa Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Siku ya kwanza niliiharibu kwa pupa. Nilitaka waone kila kitu kwa mkupuo: Ngome Kongwe, waliyoijenga Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno, kisha Kasri, kisha soko la Darajani. Ilipofika saa saba mchana mdogo analia, mkubwa amenuna, nami bado nawasomea tarehe. Hapana shaka wazazi waliowatembeza wanao Roma au Lisbon wanayajua haya. Mtoto hajali jengo lilijengwa mwaka gani. Anajali kitu anachoweza kukigusa.

Siku ya pili tulibadili utaratibu. Tulitoka asubuhi kabla ya jua kali, tukawaacha watoto watuongoze vichochoroni. Mkubwa akauliza kwa nini njia ni nyembamba hata gari halipiti. Nikamweleza kwamba mji huu ulijengwa kwa ajili ya watu wa miguu na punda, na kwamba nyumba ndefu zikikaribiana hutiliana kivuli, njia ikabaki na ubaridi. Mdogo alikaa juu ya kila baraza aliyoikuta. Nikamwambia ndiyo kazi yake: mwenye nyumba hupata kuzungumza na wageni pale nje bila kuwasumbua jamaa walio ndani. Milango ya nakshi nayo ikawa mchezo. Walihesabu misumari ya shaba, wakatafuta samaki, maua na minyororo iliyochongwa.

Ndipo tukafika Mkunazini. Hapo palikuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza wa kulifunga. Kanisa la Kianglikana likajengwa katika uwanja ule ule. Nje yake kuna shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998. Nilitaka tupite haraka. Mkubwa akasimama, akauliza: "Baba, hawa walitoka wapi?"

Ningeweza kujibu, "Mbali." Lakini huo ungekuwa uongo. Misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo ilikatiza Ugogo, na Mpwapwa ilikuwa kituo chake. Watemi wa Kigogo waliitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kuwa katika nchi kavu kama yetu mwenye maji ndiye mwenye kauli. Wanangu wanaijua hadithi ya tembo aliyezama matopeni, ambayo wazee husema ndiyo iliyoupa mji wetu jina. Nikawaambia kwamba pembe za tembo kama yule zilibebwa mabegani mwa watu hadi pwani.

Mkubwa akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo walipita kwetu?" Nikamjibu, ndiyo, walipita kwetu.

Usiku mama watoto alinilaumu kwamba nimemtwisha mtoto mzigo mkubwa. Sikumbishia sana. Hata hivyo naamini mtoto ajibiwe kwa kadiri ya swali lake, pasipo kumwongezea vitisho wala kumdanganya. Mdogo aliambiwa tu kwamba watu waliuzwa, kwamba ilikuwa dhuluma, na kwamba ilikomeshwa. Ilimtosha.

Tena majengo haya hayatusubiri. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, watu wakapoteza maisha. Wanangu waliiona kwa nje tu.

Na wewe usiye na nauli ya Unguja usikate tamaa. Ipo Mpwapwa. Ipo michoro ya mapangoni kule Kolo, Kondoa. Hapa mjini ipo reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910. Mshike mwanao mkono, mwende taratibu, na akiuliza, mjibu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.