Moyo, riahi na jinamizi: majina tunayoyapa maradhi ya moyo

Mwambie mtu wa Mombasa au Lamu akuonyeshe moyo ulipo. Wengi wataweka mkono pale mbavu zinapokutana, juu kidogo ya tumbo, mahali tunapopaita chembe cha moyo. Jina lenyewe limetufunza hivyo. Aliyekula pilau ya mafuta usiku akashikwa na kiungulia husema moyo unamchoma. Na yule ambaye mshipa wa moyo wake umeziba kweli, akihisi uzito papo hapo na jasho la baridi likimtoka, huambiwa ni riahi. Hupewa tangawizi, hupakwa mafuta ya habbasoda, au huitiwa mtu wa kuumika. Akifikishwa hospitali, saa nyingi zimekwisha kupita, na mshipa ulioziba haungoji.

Nasema haya si kwa kuwadharau watu wetu. Sisi tunauguza sana. Mgonjwa wetu hakosi wa kumkalia, hakosi uji wala dua. Linalotuponza ni lile jina tunaloyapa maradhi siku ya kwanza, maana ndilo linaloamua mgonjwa apelekwe kwa nani.

Chukua jinamizi. Mtu amelala, usiku wa manane anashtuka hana pumzi, kifua kizito kama kilichokaliwa. Akiketi kitako kando ya dirisha, anapata nafuu. Kwetu huyo ana jini. Atasomewa, atanyweshwa kombe la zafarani. Madaktari nao wanaeleza hivi: moyo uliochoka haumudu kusukuma damu sawasawa. Mchana maji hushuka miguuni. Mtu akilala, maji yale hurudi kwenye damu, moyo huelemewa na mapafu hujaa. Akiinuka hupungua. Ndiyo sababu mgonjwa wa namna hii huanza kuongeza mito, mmoja, wa pili, wa tatu, mwisho analala kitini. Jinamizi lenyewe haliko hivyo: mtu huwa macho lakini hawezi kusogeza hata kidole, kisha humwachia baada ya muda mfupi, wala hahitaji kuketi ili avute pumzi.

Miguu ikivimba pia tunasema amekanyaga tego. Bonyeza mguu kwa kidole gumba, uhesabu kidogo, uachie. Pakibaki shimo, hayo ni maji, na yanaweza kutoka kwenye moyo, figo au ini. Wazee wetu waliziona dalili hizi vizuri sana. Pumzi ya usiku, miguu, uchovu wa ngazi mbili tu, yote waliyataja. Sababu ndiyo waliyoikosa.

Linaloniuma zaidi ni la watoto. Mtoto akiumwa koo na kukataa chakula, mpaka leo wapo watakaosema kimio kimeshuka, na wapo wanaokikata. Kimio hakina kosa lolote. Makoo mengi huuma kwa virusi na hupona yenyewe, lakini mara nyingine, hasa kati ya miaka 5 na 15, huwa ni bakteria aitwaye streptokokasi. Koo likisha kupona, wiki mbili tatu baadaye mtoto anaanza kuumwa viungo: leo goti, kesho kiwiko. Hapo tunasema baridi yabisi, tunamkanda. Kumbe mwili wake, katika kupigana na yule bakteria, umegeuka kuzishambulia vali za moyo, ile milango inayoruhusu damu kupita na kuizuia isirudi. Vali zikipata makovu hazifungi tena barabara, au hazifunguki.

Madhara yake huweza kukaa kimya miaka mingi. Kwa wasichana, mara nyingi hujitokeza katika mimba, pale moyo unapotakiwa kusukuma damu zaidi. Bibi harusi wa mwaka jana anaanza kuhema na kuvimba, na mtaa mzima unajua sababu: harusi ilikuwa kubwa, amehusudiwa, ni jicho. Hakuna anayekumbuka lile koo la darasa la tatu, ambalo penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ingelimaliza. Aliyekwisha kupatwa naye huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka, ili moyo usishambuliwe tena. Ulaya maradhi haya yamekuwa nadra. Kwetu Afrika bado yapo, hata mwaka 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukayapitishia azimio.

Presha nayo tumeipa hadithi yake: ni maradhi ya wenye pesa na wanene. Imani hii hatukuizua peke yetu. Mwaka 1929 daktari Donnison, aliyefanya kazi karibu na Ziwa Viktoria hapa Kenya, aliandika katika jarida la Lancet kwamba hakumwona Mwafrika mwenye presha ya juu. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini kuhamia Nairobi, wakakuta presha zinapanda ndani ya miezi michache tu. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni maisha, na chumvi kwenye sahani. Tena presha ya 140 kwa 90 haiumi popote, na hapo ndipo wengi wetu huacha vidonge: najihisi mzima, nameza dawa ya nini?

Yuko sahihi kwa kiasi, hata hivyo, anayesema fulani ameuliwa na simanzi. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo moyo hulegea ghafla, mara nyingi baada ya msiba au fadhaa kubwa, ukavimba chini na kubana juu. Waliupa jina la takotsubo, yaani chungu cha kunasia pweza, kwa kuwa ndivyo unavyoonekana. Wengi hupona baada ya wiki kadhaa, wakitibiwa.

Mtaani kwetu yuko maalimu mmoja anayesomea wagonjwa. Siku hizi akiletewa mwenye kifua huuliza kwanza: unalala na mito mingapi? Akijibiwa mitatu, humwombea dua fupi, kisha mwenyewe hutoka nje kuita tuktuk.