Kenya: Kulala hotelini Nairobi na mbwa, safari huanzia kwa daktari wa mifugo

Nairobi ina hoteli na nyumba za wageni zinazompokea mgeni pamoja na mbwa wake. Kwa msafiri anayetoka Kampala, hata hivyo, ruhusa ya hoteli ndiyo nyepesi kuipata. Kinachoweza kuikatiza safari ni karatasi za mpakani.

Mbwa anayevushwa Busia au Malaba huhesabiwa kuwa mnyama anayeingizwa nchini, hata akilala Nairobi usiku mmoja tu. Kenya humtaka mwenye mbwa awe na kibali cha kuingiza mnyama kutoka Kurugenzi ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete, cheti cha afya kutoka Uganda, na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa upande wa Uganda, mamlaka husika ni Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi, yenye makao yake Entebbe. Kibali huombwa kabla ya kuondoka, si dirishani mpakani.

Ukali huo una sababu. Kichaa cha mbwa, dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara huua. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni vifo 59,000 kwa mwaka, vingi vikiwa barani Asia na Afrika, na Kenya imejiwekea lengo la kuukomesha ugonjwa huo unaoenezwa na mbwa ifikapo 2030. Chanjo ya kwanza nayo haikingi siku ileile. Nchi nyingi huhesabu siku 21 kabla ya kuitambua. Anayemchanja mbwa Ijumaa ili asafiri Jumamosi amebeba karatasi tu, kinga bado.

Hotelini, masharti hutofautiana, na ni busara kuyauliza kwa simu kabla ya kulipa: je, kuna ada ya ziada au amana, je, mbwa mkubwa hukubaliwa, na je, anaweza kuachwa peke yake chumbani? Swali hili la mwisho ndilo husahaulika zaidi, ilhali linamhusu mhudumu anayefungua mlango asubuhi kutandika kitanda. Yeye hakumchagua mgeni huyo. Huenda pia ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo kilicholambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kumtoa mbwa nje wakati wa usafi, na kuja na bakuli na tandiko lake kutoka nyumbani, humwondolea mhudumu huyo shida asiyoweza kuilalamikia.

Kuhusu matembezi, hifadhi za taifa, ikiwamo ile ya Nairobi iliyo pembeni mwa jiji, haziruhusu mbwa. Msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji, huwaruhusu wakiwa wamefungwa kamba.