Sahara Magharibi: Nchi Iliyokabidhiwa Asiye Mwenyewe

Wananchi wa Kihagara na mwambao wote wa Ziwa Nyasa hawana haja ya kufundishwa maana ya ukombozi wa jirani. Ufuko huu ukiufuata kuelekea kusini hukufikisha Msumbiji, ambako wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, walishika silaha tangu Septemba 1964. Tarehe 25 Juni 1975 Mreno aliikabidhi nchi kwa wenyewe.

Mwaka huohuo, kaskazini-magharibi mwa bara letu, mkoloni mwingine alitenda kinyume chake. Hispania ilikuwa imejitwalia Sahara Magharibi tangu mwaka 1884. Mei 1973 wazalendo wa huko waliunda chama cha ukombozi cha Polisario, wakaanza mapambano. Oktoba 1975 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilitoa rai kwamba si Morocco wala Mauritania iliyokuwa na haki ya kuimiliki nchi hiyo. Haukupita mwezi, Hispania ikatia saini mjini Madrid mapatano ya kuwakabidhi utawala majirani hao wawili. Mwenye nchi hakuulizwa. Februari 1976 Mhispania akafunga virago, Wasahrawi wakatangaza jamhuri yao, na maelfu wakakimbilia Tindouf, Algeria, ambako wajukuu zao wangali wakimbizi.

Hapo ndipo penye somo. Kuondoka kwa mkoloni peke yake si uhuru. Nchi iliyotwaliwa kwa dhuluma hurudishwa kwa wananchi wake. Kumpa jirani ni kubadilisha bwana tu.

Tanzania iliitambua jamhuri hiyo mwaka 1978. Mauritania ilijitoa mwaka 1979. Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulisimamisha vita kwa ahadi ya kura ya maoni, lakini kura hiyo haijapigwa, na Novemba 2020 bunduki zililia tena. Septemba 2022 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ilitamka kwamba Morocco kuikalia nchi hiyo kunapingana na haki ya Wasahrawi ya kujiamulia mambo yao.

Wapo watakaouliza: mvuvi wa usipa ana hisa gani na jangwa? Watakumbusha pia kwamba Oktoba 2016 Mfalme wa Morocco alizuru Dar es Salaam na mikataba ya ushirikiano ikatiwa saini. Urafiki na Morocco si kosa. Lakini rafiki wa kweli huambiwa kweli. Sisi wenyewe tuna shauri la mpaka wa ziwa hili na Malawi, nasi twalitafutia haki kwa mazungumzo na usuluhishi. Tukikubali kwamba mnyonge hana haki huko Sahara, kwa ulimi gani tutadai haki hapa?

Wanachodai Wasahrawi ni kilekile walichokipata ndugu zetu wa Msumbiji mwaka 1975: nchi ikabidhiwe wenyewe.