Jiwe, Mwamba au Makoro? Kupiga Picha za Miamba Rubavu

Picha za miamba ambazo wanafunzi wetu huziona vitabuni aghalabu ni za majangwani: nguzo za mawe mekundu, hema chini yake, gari limeegeshwa pembeni. Gisenyi hakuna jangwa. Lakini anayesafiri kwa gari na hema lake kutoka Musanze hadi Rubavu hupita kando ya kuta za mashamba zilizojengwa kwa mawe meusi yenye vitundu, ambayo Wanyarwanda huyaita amakoro. Hiyo ni zaha iliyopoa, yaani uji wa moto uliotoka katika volkano za Virunga. Iliyo changa zaidi iko ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Nyiragongo, mlima wenye mita 3,470, ulilipuka tarehe 17 Januari 2002; zaha ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kuingia Ziwa Kivu. Ulilipuka tena tarehe 22 Mei 2021.

Jiwe jeusi humpa shida mpiga picha. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha kijivu. Ikielekezwa kwenye zaha, huongeza mwanga, na jiwe likatoka na rangi ya majivu. Dawa yake ni kupunguza mwanga kidogo. Kwenye simu nyingi, gusa jiwe kwenye kioo kisha shusha alama ya jua. Saa nayo ni muhimu. Karibu na Ikweta jua hupanda upesi, karibu wima. Ikifika saa tatu asubuhi vile vivuli virefu vinavyoonyesha mikunjo na vitundu vimeshafupika. Mvua ikinyesha usikate tamaa, maana jiwe lililolowa huwa jeusi zaidi na hung'aa.

Picha ikishapatikana, huwa zoezi zuri la darasani: andika maelezo yake. Hapo ndipo upatanisho wa kisarufi hujaribiwa. Jiwe jeusi, mawe meusi (si "mawe nyeusi", kosa tunalolisikia kila muhula), mwamba mweusi, miamba myeusi, zaha nyeusi. Tena, mwamba kwa mtu wa pwani huweza kuwa ule wa baharini unaopasua majahazi. Jabali ni jiwe kubwa mno, nalo neno lenyewe latokana na Kiarabu, ambako maana yake ni mlima. Na mwanafunzi akiandika "makoro haya meusi"? Kwa maoni yangu asikatwe alama. Ameondoa irabu ya mwanzo na kulitia neno katika ngeli inayolifaa. "Lava" nayo iliingia kwa njia hiyo hiyo ya kukopa.

Jambo moja zaidi. Miamba hii ilifunika nyumba za watu, na kuta hizi zina wenyewe. Kuomba ruhusa ni lazima, lakini angalia kauli. "Nipige picha?" ina maana mbili: huenda unaomba kupiga, huenda unaomba kupigwa. Mama mwenye shamba anaweza kuipokea simu yako, akakuambia usimame vizuri! Sema, "Samahani mama, naomba kupiga picha ya ukuta wako." Ukitaka naye awemo, "Naomba nikupige picha."