AKWARIOMU YENYE MAJANI: NAMNA YA KUIANZISHA PASIPO UMEME



Tangu tufike kwenye somo la fotosinteze, wengi wameuliza swali moja: je, tunaweza kuweka samaki na majani ya maji ndani ya kioo, katika labo, hapa Salamabila, ambapo umeme si wa kutegemea? Wengine wanacheka na kusema: "Samaki ni ya kula, haiko ya kuangalia!" Jibu ni kwamba inawezekana. Lakini kuna mambo ya kujua mbele ya kushika ndoo, juu chombo kilichotengenezwa vibaya kinaua samaki na kuzalisha mbu, na mtu anayetafuta majani ovyo anaweza kurudi nyumbani na bilharziozi. Kwa hiyo twende polepole.

AKWARIOMU NI NINI?

Si beseni la kutunzia samaki mpaka siku ya kuwapika. Ni chombo cha kioo ambamo samaki, majani, mchanga na vidudu visivyoonekana kwa macho vinaishi pamoja na kusaidiana. Mwaka 1850 mkemia mmoja Mwingereza, Robert Warington, alieleza jaribio lake. Aliweka ndani ya chombo kimoja samaki wawili wa dhahabu (si dhahabu ya Namoya, ni rangi tu) pamoja na majani ya maji. Majani yaliyokufa yalianza kuoza na kuchafua maji, basi akaongeza konokono wa kuyala. Maji yakatulia. Mwaka 1853 London ikafungua nyumba ya samaki kwa watu wote katika bustani yake ya wanyama, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholieneza jina lenyewe la akwariomu.

Watu hao hawakuwa na pompi ya umeme. Na mwaka 1999 Diana Walstad, mama wa Marekani, aliandika kitabu kuonyesha kwamba udongo wa kawaida, mwanga wa dirisha na majani mengi vinaweza kufanya kazi kubwa ya kusafisha maji. Hiyo ndiyo njia inayotufaa sisi.

KAZI INAYOFANYIKA NDANI YA MAJI

Samaki anapumua oksijeni na kutoa gesi ya kaboni. Mchana, majani yanachukua gesi ile na kutoa oksijeni. Lakini tusisahau: usiku hakuna mwanga, na majani nayo yanatumia oksijeni. Ndiyo maana chombo chenye samaki wengi kinaweza kuonekana kizuri saa kumi za jioni, na asubuhi unakuta samaki wote wako juu wakifungua kinywa.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linaloua samaki wa wanaoanza. Uchafu wa samaki na chakula kinachooza vinatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria fulani wanaigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile. Bakteria wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali ule, na majani yanaitumia kama mbolea. Bakteria hao wanakaa juu ya mchanga, mawe na majani. Katika chombo kipya hawajawa wengi. Wanahitaji majuma kama manne mpaka sita. Mtu akiweka samaki siku ya kwanza, maji yatakuwa meupe kama yale ya kunywa, na samaki watakufa tu. Kumbe maji kuonekana safi si sawa na maji kuwa safi.

1. CHOMBO

Fundi wa madirisha anaweza kukata vioo vya milimeta 6 na kuvishikanisha kwa silikoni isiyotiwa dawa ya ukungu. Kipimo kizuri ni urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 30. Muache silikoni ikauke mpaka harufu yake kali kama ya siki iishe kabisa, kama juma moja. Asiyepata fundi aanze na bokali kubwa ya kioo yenye majani tu.

Angalieni meza. Chombo hicho pamoja na udongo, mchanga na maji kinazidi kilo 60, maana yake ni kizito kuliko gunia la saruji. Meza ya miguu inayotikisika itavunja kila kitu. Mukiweke kwanza mahali pake, ndipo mutie maji. Kikijaa, kisisogezwe tena.

Mahali pake ni karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi. Jua la saa sita mchana linachemsha maji na kuyageuza kuwa ya kijani. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama masaa 12 mwaka mzima, na joto letu linatosha. Hatuhitaji taa wala mashine ya kupasha moto.

2. UDONGO NA MCHANGA

Chini muweke udongo wa shamba sentimeta 3, uliochekechwa, usiotiwa mbolea wala dawa ya wadudu. Juu yake muweke mchanga mkubwa sentimeta 3, uliooshwa mpaka maji yake yatoke meupe. Udongo unalisha mizizi. Mchanga unauzuia udongo usichafue maji.

Mchanga usitoke mahali watu wanapoosha dhahabu. Tunajua wote kwamba pengine zebaki inatumiwa kushika chembe za dhahabu. Zebaki ikiingia mtoni haionekani, haina harufu, na inakusanyika ndani ya mwili wa samaki na wa mtu anayemla. Huko Minamata, katika Japani, ugonjwa ulioletwa na zebaki ya kiwanda iliyotupwa baharini ulitambuliwa mwaka 1956, na watu wengi waliokula samaki waliharibika mishipa ya fahamu.

3. MAJI

Maji ya mvua, au ya chemchemi inayojulikana, ni mazuri. Maji ya mvua muyachukue baada ya mvua kuosha mabati kwanza. Kama maji yametiwa klori, muyaache siku mbili ndani ya ndoo iliyo wazi. Mumimine polepole juu ya sahani, ili mchanga usifumuke. Katika kipimo chetu, mukiacha sentimeta 4 juu, mutapata kama litre 36.

4. MAJANI

Majani ni roho ya akwariomu. Muweke mengi tangu siku ya kwanza, mpaka yafunike zaidi ya nusu ya mchanga. Kuna yale laini yanayoelea pasipo mizizi, yenye umbo la mkia wa paka. Hayo yanakua haraka na kula uchafu mwingi. Kuna yungiyungi dogo. Na kwenye mawe ya vijito vya msituni kuna aina ya feni linaloishi ndani ya maji. Hilo lifungwe kwa uzi juu ya jiwe au mti, juu shina lake likizikwa linaoza.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa wadogo zetu wa mwaka wa kwanza. Bilharziozi inajulikana katika Maniema. Konokono anayeibeba, mwenye gamba la duara lililolala kama kamba iliyokunjwa, anapenda maji yanayotembea polepole na yenye majani, yaani mahali palepale mutakapokwenda kutafuta. Vidudu vinatoka kwake na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kwa hiyo musiingie. Muvute majani kwa kijiti kirefu mukiwa kwenye ukingo, na mikono isiguse maji.

Majani yakifika, yawekwe ndani ya ndoo yenye kifuniko. Muondoe konokono wote na vile vifuko vya mayai vinavyofanana na ute, mukitumia kibanio na si vidole. Kidudu kilichotoka ndani ya konokono hakiishi zaidi ya siku mbili kisipopata mtu. Mubadilishe maji, mungoje majuma mawili, na kila konokono anayetoka katika yai aondolewe. Huyo mdogo hawezi kuwa na ugonjwa, juu unamwingia kutoka katika choo cha mtu kilichoanguka majini. Lakini kwa macho hatuwezi kumtofautisha na mkubwa aliyejificha.

5. MAJUMA YA KUNGOJA

Chombo chenye maji na majani pasipo samaki ni nyumba ya mbu. Katika joto letu, yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa siku kama kumi, na sisi tutangoja majuma manne au zaidi. Kwa hiyo chombo na ndoo vifunikwe kwa kitambaa chepesi kilichofungwa vizuri pande zote. Musitumie chandarua chenye dawa. Dawa ile inaua mbu, lakini kwa samaki ni sumu kali sana. Kwa sababu hiyohiyo, chandarua kama hicho kisitumike kuvulia samaki, na dawa ya kupuliza isitumike ndani ya labo.

6. SAMAKI

Kanuni ya kuanzia: sentimeta 1 ya samaki kwa litre 2 za maji. Litre 36 zinatoa sentimeta 18, maana yake samaki watano wa sentimeta 3 na nusu. Si kumi na tano! Tuwaombe wamama wanaovua vijitoni watuuzie wachache walio hai. Wale wadogo wanaotembea kwa kundi wanafaa, pamoja na wale wanaokaa karibu na uso wa maji na kula vibuu vya mbu. Tilapia hafai, anakua mkubwa, anachimba mchanga na kung'oa majani. Kambale hafai, atawala wenzake.

Yuko samaki mmoja wa bonde la Kongo anayependwa na wafugaji wa samaki Ulaya na Marekani, jina lake la kisayansi ni Phenacogrammus interruptus. Dume anafika sentimeta 8, ana rangi za upinde wa mvua. Ni uzuri wa nchi yetu, lakini chombo chetu ni kidogo kwake. Na samaki wa ziwa Tanganyika, hata wale wadogo wenye kupendeza wanaopatikana upande wa Kalemie, wasiwekwe ndani ya maji ya mvua. Maji ya ziwa lile yana chumvichumvi nyingi za mawe, na samaki wake wamezoea hayo.

7. ULINZI WA KILA JUMA

Chakula ni mara moja kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika mbili: vibuu vya mbu, kumbikumbi aliyesagwa, unga wa ndagala. Bugali hapana, mkate hapana. Kila juma, robo ya maji itolewe na kurudishwa mapya. Mpira wa kutolea maji mujaze maji kwanza mukiuzamisha. Usivutwe kwa kinywa. Kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Samaki wakija juu kuvuta hewa asubuhi, mupunguze samaki au chakula, na mubadilishe nusu ya maji siku ileile.

Jambo la mwisho: kilichotoka mbali kisitupwe mtoni. Gugu maji, lenye maua mazuri ya zambarau, lilitoka Amerika ya Kusini na kupelekwa nchi nyingi kama pambo. Katika miaka ya 1950 lilikuwa limekwisha kuenea juu ya mto Kongo na kuzuia mashua.

FAIDA YAKE

Ndani ya litre 36 tutaona kwa juma moja yale ambayo mto unaonyesha kwa miaka: uchafu kidogo ukizidi, wa kwanza kufa ni samaki. Luama ni kubwa, ndiyo, lakini kanuni yake ni ileile, na kutoka mto ule hakuna mtu wa kuja kutubadilishia robo ya maji kila juma.

Wanaotaka kusaidia waandike majina yao kwa makapita wa madarasa. Tunahitaji kwanza mchanga, ndoo mbili zenye kifuniko, na watu wenye uvumilivu wa kungoja.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita