Ubao Mama Kwanza, Mbio Baadaye

Baada ya mavuno ya ndengu, mpwa wangu anayefundisha hisabati katika shule moja ya upili karibu na soko la Zombe, mashariki mwa Kitui, alinijia na karatasi iliyojaa hesabu. Alikuwa ameuza magunia yake, naye alikusudia kujiundia tarakilishi ya kutayarishia masomo ya video kwa wanafunzi wake. Katika orodha yake, prosesa ilikuwa imetengewa karibu nusu ya fedha zote. Ubao mama ulikuwa wa mwisho kabisa, na mbele yake aliandika maneno mawili tu: wowote rahisi.

"Mjomba," akaniambia, "prosesa nitaizidishia kasi mimi mwenyewe. Ubao ni wa kushikilia vitu tu."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa maana hata mimi niliwahi kuiamini. Mwaka 2011, nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu kuhusu irabu za Kikamba, nilikuwa na saa nyingi za sauti za kuchanganua, na mashine yangu ilikuwa ikijikokota. Nikaizidishia prosesa kasi juu ya ubao wa bei ya chini kuliko zote nilizoziona dukani. Kwa siku tisa nilijiona mjanja. Siku ya kumi kapasita, vile vijipipa vidogo vilivyoizunguka prosesa, zilifura kama maandazi. Mashine ikazima, na faili iliyokuwa wazi ikavurugika pamoja na kazi ya majuma matatu ambayo sikuwa nimeihifadhi kwingine. Sikuwa na wa kumlaumu ila nafsi yangu.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Wapo wasemao ubao mama, wapo wasemao bodi mama, na mafundi wa mjini husema madabodi. Jina si hoja. Hoja ni kwamba prosesa, kumbukumbu, diski na feni zote hukutana hapo, na umeme wa prosesa hupitia hapo. Kuzidisha kasi nako ni kuiamuru prosesa ipige mapigo mengi kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde.

Ufundi huu si mgeni. Mwaka 1998 Celeron 300A ya Intel, iliyouzwa kwa kasi ya megahezi 300, ilipata sifa kwa kuwa wengi waliifikisha 450. Lakini haikufika huko kwa nguvu zake pekee. Ilihitaji ubao ulioweza kupandisha mapigo ya njia kuu kutoka megahezi 66 hadi 100, mfano wa Abit BH6. Juu ya ubao usiotoa ruhusa hiyo, Celeron ile ile ilibaki 300.

Ruhusa, basi, ndilo jambo la kwanza la kuuliza dukani. Kwa upande wa Intel, kwa kawaida sharti uwe na prosesa yenye herufi K pamoja na ubao wa kundi la Z, na viwili hivyo si vya mfuko wa mwalimu. AMD, ilipotoa Ryzen mwaka 2017, iliziacha prosesa zake za mezani wazi, ila si kila ubao unaofungua mlango huo. Mbao za A320 na A520 haziruhusu kuzidisha kasi ya prosesa. B350, B450 na B550 zinaruhusu. Tofauti ya bei baina ya A na B aghalabu si kubwa. Zile mashine zilizokwisha kutumika ofisini ng'ambo, ambazo huuzwa kwa wingi Nairobi, kwa kawaida hazitoi ruhusa hiyo hata kidogo.

Jambo la pili ni umeme, nalo ndilo lililoniangusha. Ubao hupokea umeme wa volti 12 na kuushusha hadi volti 1 na ushei. Prosesa ikitumia wati 100 kwa volti 1.25, mkondo unaopita ni ampea 80. Mwanafunzi wa fizikia na alinganishe: pasi ya wati 1,200 katika umeme wetu wa volti 240 hutumia ampea 5 tu. Ampea hizo 80 zinabebwa na vijisehemu vichache kandokando ya prosesa. Ubao rahisi mno huwa na vichache zaidi, tena vimeachwa uchi. Ubao wa kufaa huwa na vingi, na juu yake umewekwa vibati vya alumini vya kupoza joto. Tazama vibati hivyo kabla ya kutazama taa za rangi.

Na mzigo hauongezeki kwa kadiri ya kasi pekee. Nguvu inayotumika huenda sambamba na kasi ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha volteji. Ukipandisha kasi kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 5, mzigo huongezeka kwa takriban asilimia 21. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Jambo la tatu ni Zombe kwenyewe. Feni haipozi kwa baridi yake yenyewe. Hutumia hewa iliyomo chumbani. Chumba kikipanda kutoka nyuzi 22 hadi 34, prosesa nayo hupanda kwa kiasi kinachokaribia nyuzi hizo 12. Majedwali ya majaribio yaliyofanyiwa Ulaya, basi, hayakupimwa chini ya bati la Zombe mwezi wa Februari. Ongeza vumbi jekundu linaloziba vibati, na umeme unaopanda na kushuka, utaona kwa nini kiasi ndiyo busara.

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini basi asiiache prosesa kama ilivyo? Swali ni la haki. Prosesa za siku hizi hujipandisha zenyewe. Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018 hutangazwa kwa gigahezi 3.4, nayo hujifikisha hadi 3.9 kazi ikiwa nyepesi. Faida ya kuilazimisha zaidi ni ndogo. Lakini ubao mzuri haupotezi thamani hata usipozidisha kasi. Hukaa baridi, na huacha nafasi ya kesho: walionunua B450 mwaka 2018 waliweza baadaye kutia prosesa za Ryzen 5000 zilizotoka mwaka 2020, baada ya kusasisha programu ya msingi ya ubao.

Tuliketi, tukaipanga karatasi upya. Alishuka ngazi moja ya prosesa hadi hiyo 2600, akapanda ubao hadi B450 wenye vibati, akanunua kumbukumbu mbili za gigabaiti 8 badala ya moja ya 16 ili zifanye kazi sambamba, na akabakiza fedha za kidhibiti volteji cha ukutani. Nikamwekea masharti: apande hatua ndogo ndogo, ajaribu mashine usiku kucha kila hatua, ahifadhi kazi kwingine, na ajue kwamba watengenezaji kwa kawaida hawafidii kilichoungua kwa kuzidishwa kasi.

Sasa viini vyote sita hufanya kazi kwa gigahezi 3.8. Joto likikaza, huirudisha mashine katika kasi ya kiwandani, na masomo ya video huendelea kutoka. Ile karatasi ya kwanza ameibandika ukutani darasani, nayo ni zoezi la hesabu: wanafunzi huulizwa ni wapi mwalimu wao alikuwa amekosea.